Je, Kizuri Hujiuza Chenyewe?

Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Tukiishika methali hii kama ilivyo, mtu anayejitolea kuinadi programu huria anastahili kutiliwa shaka: kama programu ni nzuri, na tena ni ya bure, wapiga debe wa nini? Swali hili ni la maadili kabla ya kuwa la biashara. Nashikilia kwamba aliyekwisha kuona manufaa ya kitu cha wote ni shahidi wake, na akinyamaza huku wenzake wakikikosa, amewanyima haki yao. Ila ushahidi una sharti, nalo ni ukweli.

Tutazame kivinjari huria cha Firefox, ambacho toleo lake la 1.0 lilitoka tarehe 9 Novemba 2004. Wakati huo zaidi ya asilimia 90 ya watumiaji wa intaneti walitumia Internet Explorer, na wengi hawakuichagua. Waliikuta ndani ya kompyuta, imekuja na Windows. Methali inamfikiria mnunuzi aliyezungukia soko zima. Pale ambapo bidhaa moja tu imewekwa machoni pake, kizuri hakiwezi kujiuza, kwa kuwa hakionekani. Ndipo wapenzi wa Firefox walipochangishana, na tarehe 16 Desemba mwaka huohuo likatoka tangazo la kurasa mbili katika gazeti la The New York Times, likibeba majina ya maelfu ya waliochanga. Uzito wa tangazo lile ulikuwa katika majina hayo, maana anayeweka jina lake hadharani amekubali kuulizwa.

Wapo watakaosema kwamba watu hao walitumiwa. Mwaka 2005 Mozilla, mwenye programu hiyo, iliingiza zaidi ya dola milioni 50, nyingi zikitokana na makubaliano na kampuni za huduma ya kutafuta mtandaoni. Hoja hii ina nguvu, na ndiyo maana anayepokea jasho la kujitolea anadaiwa hesabu ya wazi. Hata hivyo, leseni ya programu ile inamruhusu yeyote kuuchukua msimbo wake, kuubadilisha na kuugawa. Mlezi wake akipotoka, kazi haifungiwi naye. Aliyejitolea ametoa mchango kwa mali ya umma, hata kama mlezi wa mali hiyo naye amenufaika.

Pingamizi zito zaidi ni kwamba kutolipwa si kusema kweli. Ushabiki hupofusha kama fedha, pengine zaidi. Nakubali, na kwa hiyo nasema wajibu wa anayejitolea ni mkubwa kuliko wa mfanyabiashara. Mbele ya muuzaji tunajihadhari. Mbele ya rafiki asiyelipwa tunafungua mlango. Zama zile tovuti kadhaa zilijengwa kwa kuifuata Internet Explorer, na hazikufunguka sawasawa katika Firefox. Aliyelificha hilo ili apate mfuasi mmoja zaidi alimdhulumu jirani yake kwa jina la uhuru.

Mwezi Juni 2008, katika kampeni nyingine, toleo la 3 la Firefox lilipakuliwa zaidi ya mara milioni 8 kwa siku moja, ikawa rekodi ya dunia. Idadi hiyo inaonyesha nguvu ya wengi. Haitoshi kuonyesha wema wa kampeni. Kampeni ya kitu huria ni njema pale anayeshawishiwa anapoelezwa faida na kasoro zake, akachagua kwa kujua, na akabaki na uhuru wa kukiacha bila lawama.