Mchongezi na Dhalimu

Ndugu zetu wa Homa Bay na Migori wanakaa kando ya ziwa lile lile lifikalo Uganda. Huko Jenerali Idi Amin alitawala kwa bunduki tangu Januari 1971 hata Aprili 1979. Idara yake ya siri, yenye makao Nakasero, Kampala, ilipewa jina safi: Ofisi ya Utafiti wa Dola. Kazi yake ilikuwa kuteka watu, kuwatesa na kuwaua. Jaji Mkuu Benedicto Kiwanuka alikamatwa mahakamani Septemba 1972, asirudi tena.

Twauliza: idara kama hiyo husikia kwa masikio ya nani? Askari hayajui yasemwayo barazani. Huambiwa na jirani mwenye chuki, deni au tamaa. Basi mchongezi naye ana fungu lake katika damu hiyo. Sura ya Hujurat imetukataza kupelelezana. Wala tusimtetee Amin kwa kuwa alikuwa Mwislamu. Dhulma haisafishwi kwa jina.

Dola ina haki ya kujilinda na adui, lakini nguvu isiyoulizwa na hakimu haina mpaka. Nasi tuanze majumbani mwetu: akujiaye na siri za mwenzio, mrudishe nazo.