Chanuo la Baharia

Wenzangu wawili nimejuana nao tangu darasa la nne, Tanga. Mmoja amelowea London. Wa pili alifanya ubaharia kwenye meli za mizigo miaka 28, mpaka goti likakataa ngazi. Nilipowatembelea majira ya joto yaliyopita walikuwa wameshanipangia siku nzima ya kwenda Portsmouth kutazama meli za kale. Tulipanda treni ya asubuhi pale stesheni ya Waterloo, na tuliposhuka tu tukaiona HMS Warrior imefungwa gatini, meli ya chuma ya mwaka 1860, nyeusi tii. Tuliisifu, tukapita.

HMS Victory imekaa ndani ya gudi tangu 1922, na siku hizi imezungushiwa majukwaa ya mafundi wanaobadilisha mbao zilizooza. Juu ya sitaha kuna kibao cha shaba kinachoonyesha mahali alipoangukia Admirali Nelson wa Uingereza katika vita vya Trafalgar, tarehe 21 Oktoba 1805. Watu wanapanga foleni kukipiga picha, nami nilipanga. Baharia wetu hakusimama. Tulimkuta chini, kwenye sitaha ya mizinga, ametazama juu kwenye vitanda vya turubai vilivyoning'inizwa kwenye boriti, kimoja kinakaribia kugusana na kingine. Akaniuliza meli hii ilibeba watu wangapi vitani. Nikamwambia zaidi ya 800.

"Na vibao vyao viko wapi, bwana?"

Sikuwa na jibu, na swali lile nimeendelea kulibeba.

Tukaingia kwenye jumba la Mary Rose. Meli hii ya Mfalme Henry VIII ilizama tarehe 19 Julai 1545 ikienda kupambana na Wafaransa, mfalme mwenyewe akitazama kutoka pwani. Ilikuwa na watu kama 500, na waliopona ni wachache mno. Juu ya sitaha palitandazwa nyavu ili adui asirukie ndani. Meli ilipolala ubavu, nyavu hizo hizo ziliwazuia wenyewe kutoka. Ubavu wa kulia ulizikwa na tope la bahari, na tope ndilo lililouhifadhi mpaka ukaibuliwa tarehe 11 Oktoba 1982. Leo unautazama kupitia kioo, mataruma wazi kama mbavu za samaki aliyeliwa.

Lakini uzito wa jumba lile umo kwenye vitu vidogo. Wazamiaji walitoa zaidi ya 19,000: viatu, bakuli, pinde, kete za kuchezea, mifupa ya mbwa aliyekuwa karibu na chumba cha maseremala. Na machanuo, mengi. Nilisimama mbele ya moja, la mbao, dogo kuliko kiganja changu, lenye meno pande zote mbili: upande mmoja yameachana, wa pili yamebanana sana, ya kutolea chawa. Baharia wetu akaegemea kioo. Akasema siku aliyopanda meli ya kwanza mama yake alimfungia kanga, ubani na chanuo ndani ya sanduku, na kwamba chanuo lile lilipotea kwenye bandari asiyoikumbuka.

Mchana, kwenye benchi lililotazama maji, niliwasimulia habari za Jacques Francis. Mary Rose ilipozama mizinga yake ilikuwa mali kubwa, na kazi ya kuitoa alipewa Mveneti, Piero Paolo Corsi. Kiongozi wa wazamiaji wake alikuwa Francis, kijana Mwafrika kutoka upande wa Guinea, wa miaka kama 20. Corsi aliposhtakiwa kwa wizi wa mali ya meli nyingine, Francis alitoa ushahidi kwenye mahakama ya mambo ya bahari mwaka 1548. Wapo waliotaka asisikilizwe, wakidai ni mtumwa, tena hakubatizwa. Maneno yake yaliandikwa hata hivyo, na ndiyo maana tunalijua jina lake. Kwetu mzamiaji ni pia yule anayejificha melini kwenda kutafuta maisha, na tunamtaja kwa dharau kidogo. Mimi nimeiacha dharau hiyo. Wenzetu wengi walikwenda hivyo, na wako ambao barua zao hazikuja tena.

Kwenye treni ya kurudi tulidhani baharia amesinzia. Kumbe anahesabu. Akaanza kutaja majina ya aliofanya nao kazi ambao hawakurudi nyumbani: mpishi aliyechukuliwa na wimbi, fundi wa mitambo aliyezikwa ugenini, kijana wa Pangani aliyeanguka ngamani. Alitaja jina na la baba, polepole, kama anayeyasoma mahali. Nikatoa kalamu, nikaanza kuyaandika nyuma ya tiketi.

Tulipofika Waterloo yalikuwa yametimia kumi na moja. Nafasi ilikwisha, mwenzetu wa London akanipa tiketi yake.