Anayelima mlimani amkumbuke jirani wa bondeni



Tarehe 4 Mei 2023, katika Kalehe, Kivu ya Kusini, mvua kubwa ilinyesha, mito ikafurika, ikavifunika vijiji vya Bushushu na Nyamukubi. Watu zaidi ya 400 walikufa. Je, Mungu aliwalaani? Hasha!

Tazameni mlima wenye msitu. Majani huipunguza nguvu ya mvua, mizizi huufungua udongo, na maji huzama polepole, yakalisha chemchemi hata wakati wa kiangazi. Lakini mlima uliokatwa miti hauyazuii maji: huteremka yote mara moja pamoja na udongo na mawe, kisha kijito hukauka. Tena moshi wa viwanda na magari umeizidisha dunia joto, na hewa ya joto hubeba maji mengi zaidi, hata mvua zikawa kali. Moshi ule karibu wote watoka mbali. Shoka tunalishika sisi wenyewe.

Mungu alimweka Adamu bustanini ailime na kuitunza. Na amri ya tano yatukataza kuhatarisha uhai wa jirani. Basi, acheni miti mlimani na kando ya mto. Pigeni matuta ya kukingama mteremko. Tuwaombee marehemu wa Kalehe.