NENO "YANGU" NA VITA VYA NDUGU

Ndugu msomaji, mtoto aanzapo kusema, hachelewi kulijua neno "changu". Je, mwanadamu ana haki ya kulitamka neno hili, na kwa maana gani?

Swali hili si mchezo wa wanazuoni. Sisi wa Nyamisangura, mjini Tarime, twajua uzito wake. Katika miaka ya 2000 koo za Wakurya, watu wa lugha moja na mila moja, zilipigana kwa ajili ya ardhi na mifugo. Nyumba zikachomwa na watu wakauawa. Kila upande ulisema "ardhi yetu", na kila upande uliamini kuwa unasema kweli.

Washairi waliliona jambo hili zamani. Lucan wa Roma, aliyekufa mwaka 65 akiwa kijana wa miaka 25, alitunga utenzi juu ya vita vya Kaisari na Pompey, vilivyoanza mwaka 49 K.K. Pompey alikuwa amepata kumwoa binti wa Kaisari. Wakwe hao wawili waligombania Roma kama warithi wanavyogombania shamba, na mwisho wake jamhuri yenyewe ikafa.

Kwetu pwani, Hemed bin Abdallah el-Buhry alitunga utenzi wa vita vya Wadachi "kutamalaki" Mrima, mwaka 1307 A.H. Humo anayetamalaki ni mgeni. Lakini mshairi huyo huyo alitunga pia utenzi wa Seyidna Husein bin Ali, aliyeuawa Karbala mwaka 61 A.H. (680). Huko adui hakutoka ng'ambo. Wanahistoria wasimulia kwamba Hurr bin Yazid alipotumwa na jeshi kumzuia Husein njiani, wakati wa sala ulifika, na askari wake wakasali nyuma ya Husein! Kibla kimoja, Mtume mmoja. Na baada ya siku chache damu ikamwagika.

Ni nini kilichowafarakanisha? Waarabu wana neno "mulk", yaani ufalme. Katika shina lake yametoka maneno yetu "milki", "mmiliki" na "kutamalaki". Neno "khalifa" ni kinyume chake: ni mtu ashikaye mahali pa mwingine. Yazid alipoupokea utawala kutoka kwa baba yake, amana ya umma ilifanywa urithi wa nyumba moja. Khalifa akawa mmiliki, na ndugu akawa mwizi wa kuuawa.

Tazama sasa hekima iliyomo katika Kiswahili chetu. Mtu asemapo "nina ng'ombe kumi", maana yake ni "mimi na ng'ombe kumi": yuko pamoja nao tu. Leo yuko nao; kesho kutakuwa na mwingine. Na asemapo "ndugu yangu", hadai kwamba amemnunua, bali akiri kwamba ana wajibu juu yake. Kuna basi "yangu" ya milki na "yangu" ya udugu. Vita vya ndugu huanza pale ya kwanza inapoimeza ya pili.

Huenda mtu akauliza: "Je, nimwachie mwizi ng'ombe wangu?" La, hasha! Mtume Mtukufu s.a.w., katika hotuba yake ya kuaga, alitangaza kwamba mali ya watu ni takatifu. Lakini katika tangazo lilo hilo aliitaja damu yao pia. Kurani Tukufu yafundisha kwamba vilivyomo mbinguni na ardhini ni vya Mwenyezi Mungu. Basi tulicho nacho ni amana, na mwenye amana huilinda kwa bidii, ila kwa masharti ya Mwenyewe aliyempa. Huenda kwa wazee na kwa hakimu. Hachomi nyumba ya asiye na hatia kwa sababu tu ni ya ukoo ule. Hana ruhusa ya kuteketeza amana iliyo kubwa, ambayo ni roho ya mtu, ili aokoe iliyo ndogo.

Ardhi iliyopiganiwa ingalipo mahali pake, na baadhi ya waliosema "yetu" wamelala ndani yake. Basi kila tutamkapo neno hili na tujiulize: je, latuongezea milki, au latuongezea wajibu? Mwenyezi Mungu atujaalie kuwa walinzi waaminifu wa vilivyo Vyake. Amin.