Mkopeshaji Akiondoka, Nani Anatuangalia?



Vijana wenzangu, leo tutafakari Luka 12:42-48, habari ya wakili aliyeachiwa nyumba. Bwana wake anapokawia kurudi, yeye anaanza kuwapiga watumishi, anakula na kulewa. Jiulize: kabla bwana hajasafiri, wakili huyu alikuwaje? Bila shaka alikuwa mtu safi tu. Alikuwa safi kwa sababu anaangaliwa.

Sasa twende na Injili hii mpaka mtoni. Mto Ruvu unaingia baharini hapa kwetu, kaskazini kidogo ya mji wa Bagamoyo. Mtambo wa maji wa Ruvu Chini, unaohudumia Dar es Salaam, ulipanuliwa kwa msaada wa Marekani kupitia MCC, kutoka lita milioni 180 hadi 270 kwa siku. Na huko juu, mkoani Morogoro, kuna mradi wa Bwawa la Kidunda, la lita bilioni 190. Mkataba wake ulisainiwa Novemba 2022, na fedha ni zetu wenyewe, kama ilivyokuwa kwa Bwawa la Julius Nyerere kule Rufiji, la megawati 2,115.

Fedha za nje zina masharti. Benki ya Dunia ikikopesha kwa ajili ya bwawa, inadai tathmini ya mazingira, mpango wa kuwahamisha watu na mahali pa kupeleka malalamiko. Wengi wetu tunaudhika: kwa nini mgeni atupangie? Lakini tuwe wakweli, mara nyingine masharti hayo yamemsaidia mnyonge asiye na wa kumsemea.

Hata hivyo, jicho la mkopeshaji lina mipaka. Kumbukeni Kihansi, bwawa la megawati 180 lililojengwa kwa mkopo wa Benki ya Dunia na fedha za mataifa ya Ulaya. Ujenzi ukiwa umeshaanza, mwaka 1996 akagunduliwa chura mdogo aliyeishi kwenye manyunyu ya maporomoko yale tu, basi. Mwaka 2000 maji yakaelekezwa kwenye mitambo, manyunyu yakapungua. Vyura karibu 500 wakapelekwa Marekani kutunzwa, na korongoni ikabidi yafungwe mabomba ya kunyunyizia maji. Mwaka 2009 chura yule akatangazwa kuwa ametoweka porini, na mwaka 2012 wakaanza kurudishwa nyumbani. Masharti yalikuwepo, lakini kiumbe wa Mungu alionekana kwa kuchelewa.

Na tunapojenga kwa fedha zetu? Kamati ya Urithi wa Dunia ya UNESCO ilipinga mradi wa Rufiji kwa ajili ya Selous. Sisi tukaendelea, maana hatukuwa na mkopeshaji wa kutuzuia. Kujitegemea ni jambo la heshima, na umeme tunauhitaji. Ila uhuru huo una mtihani wake. Plato anasimulia juu ya pete inayomfanya mtu asionekane, halafu anatuachia swali: ukiivaa, utabaki mwenye haki? Fedha isiyo na masharti ni pete ya namna hiyo.

Jamani, tusidhani haki ni mali ya wazungu, kwamba wakiondoka wanaondoka nayo. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 ni yetu, na inadai tathmini kabla ya ujenzi. Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya mwaka 2009 ni yetu pia, na inataka yabaki maji ya mahitaji ya watu na ya uhai wa mto wenyewe. Maana yake mkulima wa Kidunda alipwe fidia yake kwa haki, na mikoko na kamba wa mdomo wa Ruvu wasinyimwe maji matamu. Mvuvi wa Bagamoyo hana hisa kwenye bwawa, lakini ni jirani yako.

Tuanzie kwetu. Mfadhili akichimba kisima kigangoni, tunamwandikia ripoti yenye picha na risiti. Mchango wa jumuiya ukikusanywa, ripoti ni "mambo yalienda vizuri." Si ndiyo? Anayezoea hivyo kwenye elfu kumi atafanya hivyo hivyo kwenye mabilioni siku akiwa mhandisi au diwani.

Wiki hii fanya mambo mawili. Kwanza, andika hesabu ya fedha yoyote ya wengine uliyoishika, hata kama hakuna aliyekuuliza. Pili, ukisikia mkutano wa kijiji au wa mtaa unaohusu ardhi au maji, nenda, na uulize swali moja kwa niaba ya asiyeweza kufika.

Tuombe: Ee Bwana, wewe unayeona sirini, utupe moyo wa wakili mwaminifu. Utufundishe kutenda haki hata pale asipokuwepo wa kutukagua, kwa ajili ya maskini na kwa ajili ya viumbe vyako vyote. Amina.