Sifa za Utando

Mwaka 2010 Rie Makiura na wenzake huko Japani walieleza jinsi walivyotandaza molekuli za pofirini yenye kobalti juu ya maji yaliyotiwa ioni za shaba. Pale juu ya uso wa maji shaba iliziunganisha molekuli hizo pembe kwa pembe, ukatokea utando mwembamba mno wa fuwele, uliopangika kama ukili wa mkeka. Hakuna mkono uliousuka.

Je, sifa ni za nani? Wapo watakaosema utando umejipanga wenyewe, basi mtu hana lake. Mimi niliyefundisha walimu miaka mingi siafiki. Nani aliyeichagua shaba? Nani aliyepima matone, akaunyanyua utando, akaupandisha tabaka juu ya tabaka? Hata hivyo, uwezo wa kushikana haukutoka kwake. Ulikuwamo katika molekuli na shaba.

Ndiyo maana hunikera mwalimu anayejigamba, “Yule nimemtengeneza mimi.” Naye huyo huyo, darasa likimharibikia, husema watoto wamejiharibu wenyewe! Utando ukitoka na mapengo, mtafiti huanza kwa kuyakagua maji yake.