Mlango wa Gurudumu

Msimu mmoja wa pamba hapa Mwandoya nilifunga mlango wa tela la trekta kwa waya, nikamwambia mwenye tela kazi imekwisha. Njiani ukaachia, kijana aliyekaa juu ya pamba akaanguka, akavunjika mkono.

Baadaye nilisoma habari za Wamarekani wanaojiundia ndege nyumbani. Milango inayofunika magurudumu ikikwama angani, magurudumu huenda yasishuke. Basi huiinua ndege kwa jeki, wakayakunja na kuyakunjua tena na tena. Wengine huing'oa milango hiyo kabisa, wakaridhika na mwendo mdogo.

Ndugu msomaji, usiwasifu haraka. Aliyeunda ndiye atakayeruka. Je, huo ni uadilifu, au hofu tu? Baba wa kijana nilimwambia niliharakishwa. Lakini ningalikuwa mimi wa kukaa juu ya pamba, ningalitia boliti. Ilikuwamo sandukuni mwangu.